Akinyamaza, Andika Hapana

Shangazi yangu alikuwa na kicheko cha kumsimamisha mpita njia. Ndicho kilichotupokea mimi na mwenzangu siku tuliposhuka kwenye basi Bagamoyo, kila mmoja na bunda la karatasi kifuani, jua la saa saba likituchoma utosi. Alisimama mlangoni, kanga kiunoni, akatutazama kuanzia juu mpaka chini. "Ala! Chuo kikuu chote kimehamia kwangu?" Mimi akaniambia nikaoge kwanza, nanuka moshi wa gari. Mwenzangu, mtu wa Bukoba, akamuuliza kama anakula samaki au atafutiwe ndizi. Masikini ya Mungu, alikuwa bado anahangaika na shikamoo yake. Akasema anakula chochote. Alikosea kusema vile, maana shangazi alimshika kwa neno lake, na miezi miwili baadaye suruali zake zilikuwa hazifungi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Sisi wawili tulikuwa tunasomea shahada ya pili katika saikolojia, neno ambalo baba yangu hakulikubali mpaka anakufa. Akiulizwa, alisema binti yake anasomea mambo ya watu. Hakukosea sana. Tulichotaka kujua ni kitu gani hubaki ndani ya mtu aliyeumizwa na mtu wake mwenyewe: mume, baba, mama wa kambo, kaka. Ukijeruhiwa na simba utamwogopa simba, na simba yuko porini. Ukijeruhiwa na anayekupakulia chakula, utamwogopa nani, na utakula wapi? Swali ndilo hilo moja. Mwalimu wetu alilikata vipande vipande, likawa dodoso la kurasa nne.

Nikachagua Bagamoyo kwa sababu ni kwetu, na kwa sababu nilidhani nitafanya kazi kwa raha, nikila wali wa nazi wa shangazi. Yeye ndiye aliyenilea. Aliporudi kutoka kwa mume wake Pangani nilikuwa na miaka saba. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya barabara, imejaa watoto, basi nikahamishiwa kwake ili asikae peke yake. Nikakaa mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Kwa nini alirudi kutoka Pangani sikuambiwa, na wala sikuuliza. Mtoto aliyepata shangazi wa peke yake haulizi katoka wapi.

Sasa nyumba hiyo niliikuta na shughuli yake. Shangazi alikuwa ameposwa. Aliyeposa ni fundi cherehani wa karibu na soko, mgane, mtu mpole anayezungumza na pini mdomoni, ndiye anayeshona kanzu za nusu ya mji. Alikwisha tuma watu mara mbili, na mara mbili walirudi bila jibu. Baba, kwa kuwa ndiye kaka mtu na ndiye walii, msimamizi wa ndoa yake, alikuwa ameanza kuona haya kupita mbele ya duka la yule fundi. Akaweka mpaka: jibu litoke kabla ya Ramadhani, liwe jema liwe baya, mtu wa watu asiendelee kuning'inizwa.

"Kama humtaki, si useme humtaki?" nilimwambia shangazi. Mimi sina subira, nimezaliwa bila hiyo.

"Nani kasema simtaki?"

"Basi sema unamtaka."

Akageuka, akaenda kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Na kumtaka alimtaka, bwana! Kila wiki alikuwa anapeleka nguo kwa yule fundi zipunguzwe pindo. Zake zilipokwisha akaanza za kwangu. Nilirudi chuoni na magauni ya kunitia aibu.

Kazi yetu ikaanza. Mwenzangu alihoji wanaume, mimi wanawake. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, mjini na mashambani mpaka Makurunge, na kila mahali nilipokewa vizuri, nikapewa kigoda, nikaulizwa habari za masomo, za wazazi, na lini naolewa. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha. Halafu nikauliza swali la kwanza lenye uzito: je, kuna mtu wako wa karibu aliyewahi kukupiga, kukutisha au kukudhalilisha? Mama wa watu aliinamia ukili aliokuwa anausuka. Vidole vikaendelea. Mdomo ukafungwa.

Mwalimu wetu alikuwa amelifikiria hilo. Juu ya kila dodoso palikuwa na maelekezo: rudia swali mara moja, na akinyamaza, andika hapana. Basi nilirudia, wakanyamaza, nikaandika hapana. Niliandika kwa mwandiko mzuri sana. Jioni nilikuwa napanga karatasi zangu kitandani na kuona fahari. Hapana, hapana, hapana. Nilianza hata kutunga moyoni namna nitakavyoeleza jinsi watu wa pwani wanavyoishi kwa upole majumbani mwao. Mtume! Nikikumbuka nasikia joto masikioni mpaka leo.

Mwenzangu hakuwa na fahari yoyote. Wanaume walimweleza kila kitu. Walimwambia wao hawapigi, wanafundisha, na wengine wakamwonyesha kwa mkono wanafundishaje. "Kuna hesabu haikai sawa," aliniambia. "Huku kwangu wanafunzi wengi, huko kwako hayupo hata mmoja aliyefundishwa."

Nikamwambia ajifunze kwanza kuamkia watu vizuri, ndipo anisahihishe.

Wiki ya tatu kikatokea kisa cha chumvi. Shangazi alikuwa na tabia ya kuuliza, kila akipakua chakula, kama chumvi imekaa sawa. Aliuliza ukitia tonge la kwanza, akauliza katikati ya kula, akauliza tena akiondoa sahani. Nyumbani kwetu ilikuwa mzaha. Watoto walikuwa wanamjibu kabla hajauliza. Siku hiyo mwenzangu, aliyekwisha kuwa mtoto wa nyumbani, naye akataka kutania. Akakunja uso, akasema, "Leo shangazi umetuua. Chumvi imezidi."

Shangazi alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Hakulitupa, wala hakupiga kelele. Aliliweka chini polepole, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akainua mkono mmoja mbele ya uso. Akasema, "Nisamehe, napika kingine sasa hivi." Hakuwa anamwambia mwenzangu. Macho yake yalikuwa yanatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mwenzangu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Shangazi, natania! Natania, chakula kizuri, Wallahi!" Mkristo yule, akaapa kiapo chetu kwa kuchanganyikiwa. Shangazi akashusha mkono, akacheka kile kicheko chake, akasema mtu wa Bara hajui utani, na akamwongezea wali.

Baadaye mwenzangu aliniita nje. "Tunazunguka mashamba ya watu kutwa nzima," alisema, "na tunachokitafuta kinatupikia chakula."

Nilimwakia. Nilimwambia shangazi yangu si wa kufanyiwa utafiti, na kama anataka kutazama watu kama wadudu akaanze kwa mama yake. Alikuwa na uso wa huzuni hivi, wa mtu asiyependa kuwa amesema kweli. Nikakaa siku mbili sisemi naye, na hizo siku mbili nilimtazama shangazi kwa macho mengine. Nilikuwa nimeishi naye utoto wangu wote. Nilikuwa nimesoma vitabu juu ya watu kama yeye na kufaulu mtihani wake. Sikuwa nimemwona.

Siku ya tatu nikamkuta amekaa kitandani kwangu, madodoso yametanda mapajani, kidole kinapita chini ya maandishi na midomo inacheza. Alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima kila alasiri, na tangu ajue kusoma hakuacha kitu: paketi za unga, maboksi ya sabuni, gazeti lililofungiwa maandazi. Mimi nimeacha siri za watu chini ya mto, katika nyumba yenye msomaji mpya. Kosa langu, sina wa kumsukumia.

"Shangazi! Hizo ni siri za watu! Nimewaahidi hakuna atakayeziona!"

"Siri gani, mwanangu?" Hakuinua hata kichwa. "Humu hamna siri hata moja. Humu mna hapana." Akachomoa karatasi moja. Hazikuwa na majina, lakini Bagamoyo ya wakati huo ilihitaji jina la nini? Umri, idadi ya watoto, kazi ya mume, basi, umemjua mtu. "Huyu hapa. Mimi ndiye niliyemkanda maji ya moto mwaka juzi, mbavu zake mbili zimevunjika. Umeandika hapana. Alikwambia hapana?"

"Alinyamaza."

"Kumbe kunyamaza ndiyo hapana?"

"Ndivyo tulivyoelekezwa."

Shangazi akazipanga karatasi vizuri, akazigongagonga gotini ziwe sawa, akaziweka pembeni. Kisha akaniambia nikae.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano," alisema. "Babu yako alikuja mlangoni kwangu, akasema ametokea mtu wa Pangani, wa ukoo mzuri, ana maduka, unasemaje? Asubuhi ile alikuwa amenitumia kashata, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mimi niko nayo mdomoni. Hata ningekuwa sina kashata, ningesema nini? Sijawahi kuulizwa jambo tangu nizaliwe. Baba yako alikuwa kijana, akaambiwa atege sikio pale mlangoni. Akatega. Hakusikia kitu. Akatoka barazani, akawaambia watu, amekubali."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwali akiulizwa akanyamaza huhesabiwa ameridhia, kwa kuwa anaona haya. Aliyekwisha kuolewa ndiye anayetakiwa atamke kwa mdomo wake. Nililijua hilo tangu utoto. Nilikuwa sijawahi kulitazama kwa upande wa ndani wa pazia.

"Nikaenda Pangani," shangazi aliendelea. "Miaka tisa. Akipiga nanyamaza, majirani wanasema, mke mstahimilivu huyo. Mama yangu akija kunitazama nanyamaza, anasema, mwanangu ametulia. Kila mtu aliyeniona nimenyamaza alikuwa na lake la kuandika. Na wewe sasa umekuja na lako." Alisema bila hasira. Akanipangusa shavu kwa ncha ya kanga, maana nilikuwa nimeanza kulia, na mimi nikilia huwa nalia vibaya. "Mpaka siku moja baba yako akaja kunitembelea, akaniona mkono. Hakuuliza kitu. Akabeba sanduku langu. Tangu siku hiyo hatujawahi kulizungumza, mimi na yeye. Sasa huyu fundi ni mtu mwema, nami namtaka. Lakini nikifungua mdomo kusema namtaka, koo linafunga. Naogopa nitanyamaza tena, na wao waandike wanalotaka."

Nilikwenda kumwomba mwenzangu radhi. Nilifanya haraka, kwa sababu si kitu ninachokiweza. Tukakaa barazani na kalamu, tukafuta kila hapana ambayo haikusemwa, na mahali pake tukaandika: amenyamaza. Karatasi zikawa chafu kama daftari la mtoto wa darasa la pili. Kisha tukarudi nyumba kwa nyumba. Mimi sikuuliza tena swali lolote. Nilisema tu, "Mama, siku ile nilikuuliza ukanyamaza. Nimeandika kwamba umenyamaza. Nimeona nije nikwambie." Wengi waliitikia, haya mwanangu, wakaendelea na ukili wao. Mmoja wa Makurunge alisimamisha vidole. "Kumbe uliona," alisema. Halafu akazungumza mpaka chai aliyoniwekea ikapoa, na mimi sikushika kalamu.

Mwalimu wetu alipopata habari alituandikia barua kali kwamba kunyamaza si jibu na tumeharibu utafiti. Mimi nikaandika majibu ambayo mwenzangu aliyachana, akaandika mengine yenye adabu. Shahada zetu zilichelewa. Haikuninyima usingizi.

Lakini jambo la shangazi lilikuwa bado, na mwezi wa Shaabani ulikuwa unakwisha. Asubuhi moja akatuita wote wawili. Alikuwa na karatasi ya daftari la kisomo, mwandiko mkubwa wa penseli, mistari inapanda mlima. Alikuwa ametunga dodoso lake. "Ninyi mnajua kuuliza watu," alimwambia mwenzangu. "Nenda kwa fundi, muulize haya. Na sikiliza, mwanangu wa Bara: akinyamaza, andika amenyamaza."

Yalikuwa maswali matatu. La kwanza: ukikasirika, mikono yako unaiweka wapi? La pili: marehemu mke wako alikuwa akicheka? La tatu: nikikwambia sitaki, utafanyaje?

Mwenzangu alivaa shati safi, akaenda sokoni na ile karatasi kama balozi. Alikaa huko tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Shangazi kwa wakati huo alichambua mchele uleule mara tatu, na mimi nilimgombeza paka. Mwenzangu aliporudi alitaka kutusomea. Shangazi akamnyang'anya karatasi, akasoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, kwa sauti.

Ukikasirika, mikono yako unaiweka wapi? "Amesema, kwenye cherehani. Amesema kanzu zake zilizoshonwa vizuri kabisa alizishona akiwa na hasira."

Marehemu mke wako alikuwa akicheka? "Amenyamaza. Ametoa pini mdomoni. Macho yamelowa. Amesema, kwa sauti kubwa, hasa akinicheka mimi."

Nikikwambia sitaki, utafanyaje? Hapo shangazi alisita, akasogeza karatasi karibu na uso. "Amenyamaza muda mrefu. Ameshona mkono mzima wa kanzu. Amesema, nitaumia. Halafu nitaendelea kushona, na nikikutana naye njiani nitamsalimu."

Shangazi akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kifuani. Akaenda jikoni. Tulimsikia anapenga kamasi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, watu wa fundi wakaketi barazani kwa shangazi, kahawa ikazungushwa. Baba akaingia ndani, akakaa juu ya mkeka mbele ya chumba cha shangazi, pazia katikati. Angeweza kuingia, ni dada yake wa tumbo moja. Lakini ndivyo jambo hili linavyofanywa, na baba alikuwa mtu wa kufanya mambo yanavyofanywa. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa na shangazi kitandani. Alikuwa amenishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Dada," baba alisema. "Fundi anakutaka kwa ndoa. Unasemaje?"

Shangazi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilitaka kumjibia. Wallahi, neno lilikuwa limefika kwenye meno yangu, na nilijiuma ulimi kwelikweli.

"Unasemaje, dada?" baba akauliza mara ya pili.

Kimya. Barazani mtu alikohoa. Kwa dodoso letu, hapo palikuwa mwisho, ningekuwa nimekwisha andika. Kwa babu yangu, ilitosha ile mara ya kwanza. Nikamsikia baba upande wa pili wa pazia akijisogeza, nikadhani anainuka, roho ikanitoka. Hakuinuka. Alikuwa anakunja miguu akae vizuri.

"Sina haraka," alisema. "Nipo hapa. Hata Magharibi inikute hapahapa, nitaswali juu ya mkeka huu."

Sijui tulikaa muda gani. Shangazi alivuta pumzi, akaitoa, akavuta tena. "Ndiyo," alisema, na sauti ilikuwa ya kupotea. Akakohoa, akakaa wima. "Ndiyo. Nimekubali. Mimi mwenyewe nimekubali!" Safari hii walisikia mpaka barazani, mtu mmoja akasema alhamdulillahi, na mimi nikapiga kigelegele kabla ya wakati wake.

Baba hakwenda kuwapa watu habari. Alibaki palepale.

"Sema tena," alisema.

"Kaka, kwani hukusikia?"

"Nimesikia." Sauti ya baba ilikuwa imekwaruza, sikuwa nimeisikia hivyo hata siku tulipomzika mama yake. "Nimesikia, mdogo wangu. Nataka kusikia tena."

Shangazi akaniachia mkono. Akasimama, akafunua pazia, akakaa chini mkekani mbele ya kaka yake, na akasema tena.